Kura Thelathini

Oktoba 9, 1910, mjini St. Louis, kijana mgeni katika ligi kubwa ya besiboli aitwaye Red Corriden alipewa na kocha wake agizo la ajabu. Corriden alilinda besi ya tatu, nafasi ambayo mchezaji husogea mbele haraka kila anapohisi mpigaji anataka kuugusa mpira kidogo tu kisha akimbie. Kocha Jack O'Connor alimwambia arudi nyuma, tena nyuma sana, mpaka kwenye majani. Napoleon Lajoie wa Cleveland, aliyekuwa ameshika rungu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Zamu baada ya zamu aliugusa mpira, ukabingirika taratibu kuelekea pasipo na mtu, naye akafika besi ya kwanza bila hata kuhema. Katika michezo miwili ya siku ile aliandikiwa mapigo mazuri 8.

Kisa chote kilikuwa gari. Hugh Chalmers, mwenye kiwanda cha magari mjini Detroit, alikuwa ameahidi gari jipya kwa mpigaji atakayemaliza msimu akiwa na wastani wa mapigo mkubwa kuliko wote. Aliyekuwa akiongoza ni Ty Cobb wa Detroit, mtu aliyechukiwa na wapinzani na hata na baadhi ya wenzake, na ambaye aliamua kukaa benchi siku za mwisho ili asiuharibu wastani wake. St. Louis, waliokuwa wanashika mkia, hawakuwa na cha kupoteza kwa kumsaidia Lajoie. Msaidizi wa O'Connor, Harry Howell, alifikia kumwahidi mtunza takwimu suti mpya endapo angemwongezea Lajoie pigo moja. Rais wa ligi, Ban Johnson, alimtangaza Cobb mshindi kwa tofauti ndogo mno. O'Connor na Howell wakatimuliwa. Na Chalmers, mfanyabiashara aliyejua kusoma upepo, akawapa magari wote wawili. Miongo saba baadaye watafiti waligundua kwamba mchezo mmoja wa Cobb ulikuwa umeingizwa kwenye vitabu mara mbili.

Mwaka uliofuata Chalmers alibadili utaratibu. Hakuna kuhesabu tena, watu wachague. Aliwaita waandishi wa habari, mmoja kutoka kila mji wenye timu, na kuwauliza ni mchezaji gani aliyekuwa na manufaa makubwa zaidi kwa timu yake na kwa ligi nzima. Cobb alishinda, na safari hii hapakuwa na ubishi. Tangu hapo besiboli ya Marekani imekuwa ikiyumba kati ya njia hizi mbili. Hesabu ilipoonekana ina mwanya wa kudanganya, wakakimbilia hukumu za watu. Hukumu za watu zilipoonekana zina upendeleo, wakaanza kurudi kidogo kidogo kwenye hesabu.

Mpenzi wa kandanda anaielewa tofauti hii. Kiatu cha mfungaji bora hakina mjadala: ukishahesabu mabao umemaliza. Mchezaji bora wa msimu ni habari nyingine, na aliyewaona Real Madrid wakisusia sherehe za Ballon d'Or mwaka 2024, pale Rodri alipompita Vinícius Júnior, anajua ubishi huo unaweza kufika wapi. Besiboli imeongeza kitu juu yake. Ni mchezo wa timu uliojengwa kwa mapambano ya watu wawili wawili, mrushaji dhidi ya mpigaji, na karibu kila linalotokea uwanjani linaandikwa jina la aliyelifanya. Kila timu hucheza michezo 162 kabla ya hatua ya mtoano. Takwimu zimejaa tele, kwa hiyo kila mbishi ana silaha yake.

Wanaochagua leo ni Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani, kilichoundwa mwaka 1908. Hadi mwaka 2025 chama hicho kilitoa tuzo nne katika kila moja ya ligi mbili, Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa. Kubwa kuliko zote ni ya mchezaji mwenye thamani zaidi, MVP, ambayo waandishi wameisimamia tangu 1931. Warushaji wana ya kwao iliyoanzishwa 1956, yenye jina la Cy Young, mrushaji aliyefariki mwaka mmoja kabla. Ya chipukizi ilianza 1947, ikaenda kwa Jackie Robinson, na tangu 1987 inabeba jina lake. Ya nne, ya mameneja, ilikuja mwaka 1983. Kila ligi ina timu 15, na kila mji wa timu hutoa wapiga kura wawili. Wapiga kura ni 30, basi. Karatasi zao hutakiwa kufika kabla ya mtoano kuanza, ingawa matokeo hutangazwa Novemba, bingwa akiwa ameshajulikana na kushangiliwa.

Kwa MVP kila mwandishi huorodhesha majina 10. Wa kwanza hupata pointi 14, wa pili 9, wa tatu 8, na kushuka hivyo hadi pointi moja kwa wa kumi. Anayewekwa wa kwanza na wote 30 huondoka na pointi 420. Mfumo unaonekana wa kitaalamu kabisa, hadi mtu anaposoma barua ya maelekezo inayoambatana na karatasi. Barua hiyo inakiri wazi kwamba neno thamani halina maana moja iliyokubaliwa, na kwamba kila mpiga kura ataamua mwenyewe. Inasema mshindi si lazima atoke kwenye timu iliyofuzu. Inataja uwezo wa kushambulia na kulinda, idadi ya michezo aliyocheza mtu, na pia tabia, uaminifu na bidii yake. Masharti yenyewe hayajabadilika tangu 1931.

Hakuna aliyesahau kufafanua. Utata huo umeachwa makusudi, na ndio unaoifanya tuzo izungumzwe. Lau barua ingesema MVP ni mchezaji bora tu, nusu ya mabishano ya miaka 90 yasingekuwapo. Lau ingesema ni mchezaji bora wa timu bora, nusu nyingine isingekuwapo. Hata sharti linaloonekana dogo, kwamba washindi wa zamani wanaruhusiwa, lina historia. Ligi ya Amerika ilipoanzisha tuzo yake mwaka 1922 ilimzuia aliyeshinda kushinda tena. Babe Ruth alishinda 1923, kwa hiyo mwaka 1927, alipopiga homurani 60, yaani mapigo 60 ya kuvusha mpira nje ya uzio, hakuwa hata mgombea. Tuzo ilikwenda kwa mwenzake wa New York, Lou Gehrig.

Ukitaka kuona hukumu ya binadamu inavyoweza kupinda, mtazame Ted Williams wa Boston. Mwaka 1941 alimaliza na wastani wa 0.406, kiwango ambacho hakuna aliyekifikia katika ligi hizo mbili tangu wakati huo. MVP akawa Joe DiMaggio, aliyepiga vizuri katika michezo 56 mfululizo. Hilo linaweza kutetewa. Mwaka 1942 Williams aliongoza ligi kwa wastani, kwa homurani na kwa mikimbio, yaani pointi, aliyoiingiza, mafanikio yanayoitwa taji la mara tatu. MVP akawa Joe Gordon wa New York. Hilo ni gumu kulitetea. Mwaka 1947 alitwaa taji la mara tatu kwa mara ya pili, akashindwa na DiMaggio kwa pointi 202 dhidi ya 201. Mpiga kura mmoja hakuliandika jina la Williams popote katika nafasi zote 10. Nafasi ya kumi peke yake ingeleta sare, ya tisa ingempa ushindi. Williams alikuwa na ulimi mkali kwa waandishi, na waandishi ndio waliokuwa na kalamu.

Kumwacha mtu nje ya karatasi ndilo kosa linaloumiza kuliko yote katika mfumo huu, kwa sababu wapiga kura ni wachache na mmoja tu anaweza kuharibu. Mwaka 1999 Pedro Martínez wa Boston alishinda michezo 23 na kupoteza 4, akawatoa wapigaji 313 kwa straiki. Alipata kura 8 za nafasi ya kwanza, nyingi kuliko mwingine yeyote. Iván Rodríguez wa Texas alipata 7, lakini akashinda kwa pointi 252 dhidi ya 239. Waandishi wawili hawakumtaja Martínez kabisa, hoja ikiwa kwamba mrushaji hucheza mara moja katika siku tano na tena ana tuzo yake. Maelekezo yanasema warushaji wanastahili. Mmoja wa wawili hao mwaka uliotangulia alikuwa amewaandika warushaji wawili kwenye karatasi yake.

Upande wa pili upo pia, wa kura ya mapenzi. Mwaka 1967 Carl Yastrzemski alitwaa taji la mara tatu na kuivusha Boston hadi fainali, akakosa ushindi wa kauli moja kwa kura moja tu, iliyopigwa Minnesota kwa ajili ya César Tovar wa Minnesota, aliyemaliza na wastani wa 0.267. Kura hiyo haikubadili kitu. Imebaki tu kuwa kituko.

Tuzo ya Cy Young ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi akili za wapiga kura zilivyogeuka. Kwa miongo mingi kipimo kikuu cha mrushaji kilikuwa ushindi. Kila mchezo una mrushaji mmoja anayeandikiwa kushinda na mmoja anayeandikiwa kupoteza, na namba hizo zilikaa kwenye magazeti kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda peke yake. Mwaka 1990 Bob Welch wa Oakland alikuwa na ushindi 27. Roger Clemens wa Boston alikuwa na 21, lakini aliruhusu wastani wa mikimbio 1.93 kwa kila awamu 9, yaani urefu wa mchezo mzima, wakati Welch aliruhusu 2.95. Kwa maneno mengine, timu ya Welch ilimfungia mikimbio ya kutosha kufunika mapungufu. Welch alishinda tuzo, na wakati ule haikuonekana ajabu kubwa.

Miaka 20 baadaye Félix Hernández wa Seattle alimaliza msimu akiwa ameshinda michezo 13 na kupoteza 12. CC Sabathia wa New York alikuwa na ushindi 21, David Price wa Tampa Bay 19. Waandishi walimpa Hernández, kwa sababu wastani wake ulikuwa 2.27 na kwa sababu walikubali hatimaye jambo ambalo mashabiki wa Seattle walikuwa wanaliona kila alipopanda kilima cha kurushia: timu yake haikuwa inafunga. Mrushaji hawezi kuhukumiwa kwa udhaifu wa wapigaji wake. Baada ya mlango huo kufunguka hakuna aliyeufunga tena. Jacob deGrom wa New York Mets alishinda mwaka 2018 akiwa na ushindi 10 na vipigo 9, wastani wake ukiwa 1.70, na wapiga kura 29 kati ya 30 wakamweka wa kwanza. Mwaka 2025 Paul Skenes wa Pittsburgh, timu iliyoburura mkia kwenye kundi lake, alishinda kwa kauli moja akiwa na ushindi 10 na vipigo 10.

Tatizo moja likiisha lingine huzaliwa. Warushaji wa leo hutolewa mapema, basi swali sasa ni kiasi gani cha kazi kinatosha. Mwaka 2021 Corbin Burnes wa Milwaukee alirusha awamu 167 tu, kwa ubora wa juu mno. Zack Wheeler wa Philadelphia alirusha zaidi ya 213. Kila mmoja alipata kura 12 za nafasi ya kwanza, na Burnes akashinda kwa pointi 151 dhidi ya 141. Awamu 46 zaidi ni sawa na michezo mitano mizima ambayo Wheeler aliwapumzisha wenzake, na binafsi mwandishi wa makala haya angempa Wheeler. Lakini hoja ya waliomchagua Burnes ilikuwa na miguu ya kusimamia.

Kilichowageuza waandishi si busara ya ghafla. Ni kipimo kinachoitwa WAR, ambacho hujumlisha upigaji, kukimbia, ulinzi, ugumu wa nafasi na ukubwa wa uwanja, kisha huuliza: timu imepata ushindi mwingi kiasi gani zaidi kuliko ambao ingepata kwa mchezaji wa kuokota, anayepatikana kwa bei ya chini wakati wowote? Jibu huja kama namba moja. Kwa mtu mwenye karatasi ya majina 10 na saa chache za kuijaza, namba moja ni kishawishi kikubwa.

Pambano kubwa lilikuja mwaka 2012. Miguel Cabrera wa Detroit alipata taji la mara tatu, la kwanza tangu Yastrzemski: wastani 0.330, homurani 44, mikimbio 139. Mike Trout wa Los Angeles Angels alikuwa na umri wa miaka 20 msimu ulipoanza, aliitwa kikosini mwishoni mwa Aprili, akapiga homurani 30, akaiba besi 49 na kukimbiza mipira ya nje kama yuko nyumbani kwake. WAR ilimweka Trout mbele, tena mbali. Mashabiki wa zamani walisema taji la mara tatu ni taji la mara tatu. Wakaongeza kwamba Detroit ilifuzu na Angels haikufuzu, hoja iliyosikika vizuri hadi mtu alipofungua msimamo: Angels walishinda michezo 89, Detroit 88. Detroit walikuwa katika kundi dhaifu tu. Cabrera alipata kura 22 za nafasi ya kwanza kati ya 28 zilizokuwapo wakati ule.

Wafuasi wa Trout walishindwa uchaguzi huo, lakini hoja yao ilishinda baadaye. Mwaka 2016 Trout mwenyewe alichaguliwa MVP katika timu iliyopoteza michezo 88. Huko nyuma jambo kama hilo lilikuwa la kusimuliwa: Andre Dawson alishinda 1987 akiwa na Chicago Cubs waliomaliza mkiani, na watu waliendelea kulishangaa kwa miaka. Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga, alishinda kwa kauli moja 2021 na 2023 akiwa na Angels waliomaliza misimu yote miwili wakiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Mwaka 2024 alihamia Dodgers, na kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko hakurusha wala kulinda, alipiga tu. Wachezaji wa kupiga tu walikuwa wakidharauliwa na wapiga kura kwa miongo mitano. Ohtani alipiga homurani 54, akaiba besi 59, akapata kura zote 30.

Hapa ndipo penye jambo la kusikitisha kidogo. Karatasi za kila mwandishi sasa huchapishwa hadharani, na shabiki mwenye simu anaweza kumfuata mpiga kura mtandaoni dakika tano baada ya matokeo. Mwaka 2016, katika kura za Cy Young, Rick Porcello wa Boston alipompita Justin Verlander wa Detroit kwa pointi 137 dhidi ya 132, ingawa Verlander alikuwa na kura 14 za nafasi ya kwanza na Porcello 8, waandishi wawili wa Tampa Bay ambao hawakumtaja Verlander walijikuta wakitukanwa usiku kucha, mchumba wa Verlander, mwanamitindo Kate Upton, akiwa mstari wa mbele. Uwazi huo umefagia kura za chuki na za mapenzi. Lakini umefagia pia ujasiri. Anayepanga majina yake kwa kufuata WAR hana wa kumlaumu, na orodha za wapiga kura 30 zimeanza kufanana.

Tena hesabu yenyewe si moja. Tovuti za Baseball-Reference na FanGraphs hutoa WAR mbili tofauti. Kwa mrushaji, moja huanzia kwenye mikimbio aliyoruhusu. Nyingine hutazama zaidi straiki, wapigaji aliowapa besi ya bure na homurani alizopigwa. Mtu huyohuyo, msimu uleule, anaweza kuwa wa kwanza huku na wa nne kule. Namba imekuja na hukumu zake ndani, ila zimefichwa chini ya desimali.

Yote haya yangebaki mazungumzo ya vijiweni kama si fedha. Mikataba ya wachezaji wengi ina bonasi za tuzo, na mwaka 2007 mrushaji Curt Schilling alisaini na Boston mkataba uliompa dola milioni moja endapo angepata kura yoyote ya Cy Young, hata ya mwisho kabisa. Mwandishi mmoja tu mwenye huruma angetosha. Chama cha waandishi kilihamaki, kikapitisha azimio la kuwazuia wachezaji wenye vipengele hivyo, kisha azimio likawekwa kando. New York Times na Washington Post yaliwakataza waandishi wao kupiga kura, na sababu yao ilikuwa rahisi: anayeandika habari hapaswi kuitengeneza.

Mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji wa mwaka 2022 ulilizidisha jambo hili mara dufu. Ulianzisha mfuko wa dola milioni 50 kila mwaka kwa vijana ambao bado hawajafikia hatua ya kudai mshahara mbele ya msuluhishi. Kijana anayeshinda MVP au Cy Young huchota milioni 2.5, wa pili milioni 1.75, na kuendelea. Kinachobaki hugawanywa kwa kanuni ya takwimu. Kura na hesabu, mahasimu wa karne nzima, zimewekwa kwenye hundi moja.

Lenye uzito zaidi ni kipengele cha chipukizi. Mchezaji huwa huru kuhamia anakotaka baada ya misimu sita kamili, na timu zilizoea kuwachelewesha vijana wiki chache katika ligi ndogo ili msimu wa kwanza usihesabiwe kuwa kamili. Kris Bryant wa Chicago Cubs alifanyiwa hivyo 2015, akawa chipukizi bora wa mwaka huohuo, akalalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa kesi. Sasa anayemaliza wa kwanza au wa pili katika kura za chipukizi huhesabiwa msimu mzima hata kama aliitwa Mei. Adley Rutschman wa Baltimore aliitwa Mei 21, 2022, akamaliza wa pili nyuma ya Julio Rodríguez, na kalamu za waandishi zikampa mwaka mmoja wa uhuru. Mwaka huo una thamani ya mamilioni ya dola. Hapakuwa na mwandishi aliyeomba madaraka hayo, na ni vigumu kuona kwa nini wanayakubali. Kumtaja aliye bora ni kazi ya mwandishi. Kupanga mshahara wake ni kazi ya waajiri na chama chake.

Na kura za chipukizi zina historia ya kuyumba. Ichiro Suzuki alishinda 2001, pamoja na MVP, baada ya misimu tisa ya kulipwa nchini Japani. Miaka miwili baadaye wapiga kura wawili walikataa kumwandika Hideki Matsui kwa hoja kwamba mtu aliyecheza Japani miaka mingi si mgeni, ingawa kanuni zilisema ni mgeni. Ángel Berroa wa Kansas City akashinda kwa pointi 88 dhidi ya 84. Siku hizo lililopotea lilikuwa heshima tu.

Wanaodai kazi hii wapewe wachezaji au makocha, kwa kuwa wao ndio wanaoujua mchezo, wanapaswa kukumbuka Glovu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, ambayo mameneja na makocha ndio huichagua. Mwaka 1999 walimpa Rafael Palmeiro wa Texas katika besi ya kwanza. Msimu huo Palmeiro alikuwa amelinda hapo michezo 28 tu. Siku nyingine zote alikuwa mpigaji asiye mlinzi. Inaelekea waliandika jina walilolizoea. Tangu 2013 takwimu za ulinzi zimepewa takriban robo ya uamuzi wa tuzo hiyo.

Kati ya hizo nne, ya mameneja ndiyo dhaifu zaidi, na kila mtu anajua. Kwa kawaida huenda kwa yule ambaye timu yake imewashangaza waandishi, maana yake hupima kwa kiasi kikubwa makosa ya utabiri wa waandishi wenyewe. Joe Girardi alishinda 2006 na timu ya Florida iliyomaliza na ushindi 78 na vipigo 84. Siku tuzo inatangazwa alikuwa ameshafukuzwa kazi. Dave Roberts ameipa Dodgers ubingwa mara tatu, 2020, 2024 na 2025, na hakuna hata mwaka mmoja kati ya hiyo aliochaguliwa. Yake aliipata 2016. Na Kevin Cash wa Tampa Bay, katika mchezo wa sita wa fainali ya Oktoba 27, 2020, alimtoa Blake Snell akiwa amerusha mipira 73 tu na timu ikiongoza. Dodgers wakageuza matokeo na kuchukua ubingwa palepale, na nchi nzima ikamlaani Cash. Wiki mbili baadaye akatangazwa meneja bora wa Ligi ya Amerika. Kura zilikuwa zimeshapigwa kabla ya mtoano.

Sharti la tabia halijawahi kutumika kwa uthabiti. Habari kwamba Ryan Braun alipimwa na kukutwa na dalili za dawa zilizokatazwa zilitoka muda mfupi baada ya kushinda MVP 2011, na tuzo amebaki nayo. Waandishi walikuwa wakali zaidi kwa marehemu: mwaka 2020 waliondoa kwenye ngao ya MVP jina la Kenesaw Landis, kamishna wa 1920 hadi 1944, ambaye katika kipindi chake chote hakuna Mweusi aliyecheza ligi kubwa. Jina hilo waliliweka wao wenyewe.

Novemba 2025 mizani ilicheza tena. Aaron Judge wa New York alikuwa na wastani wa 0.331, bora kuliko wote, na homurani 53. Cal Raleigh wa Seattle alipiga homurani 60 akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, na hakuna mdakaji aliyewahi kukaribia idadi hiyo. Tena Seattle ilishinda kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 2001. WAR zote mbili zilimweka Judge mbele, ila pengo lilikuwa jembamba zaidi kule ambako ustadi wa mdakaji wa kuupokea mpira ili mwamuzi auone ni straiki unahesabiwa. Judge alishinda kwa pointi 355 dhidi ya 335, kura 17 za nafasi ya kwanza dhidi ya 13. Ni moja ya matokeo machache ya miaka ya karibuni ambamo wapiga kura waligawanyika karibu nusu kwa nusu, na waliomchagua Raleigh walitoa hoja ambazo Chalmers angezitambua: aliibeba timu, alicheza nafasi inayochosha mwili kuliko zote, aliubadilisha msimu wa mji mzima. Hakuna kati ya hayo lililomo kwenye namba kwa ukamilifu wake, na barua ya maelekezo inayaruhusu yote.